Masikio ya Kituo

Machi 2

Fedha zimepita. Mkuu wa kituo alitoka kwenye simu ameshika kofia mkononi kama mtu anayeingia msibani, tukajua tumenyimwa tena. Kumbe tumepewa. Miaka sita tumeomba ruzuku ya halmashauri, miaka sita tumejibiwa kwamba maombi yetu yanashughulikiwa, na leo wameyashughulikia kweli. Tutajenga Chumba cha Sauti: vitufe thelathini ukutani, kila kitufe kiumbe mmoja wa kinamasi kilicho nyuma ya kituo. Mtoto anabonyeza, anasikia. Wanyama tulio nao sasa ni wa kukaushwa, na fisimaji wetu hana jicho moja tangu shule ya msingi ya jirani ilipotutembelea.

Masharti ni mawili. Sauti zirekodiwe hapa hapa msimu huu wa mvua, zisinunuliwe. Na chumba kiwe tayari kabla mwaka wa fedha haujafungwa mwisho wa Juni. La sivyo fedha zinarudi hazina, na yule diwani anayeuliza kila mwaka kwa nini kodi ya watu iwasomeshe vyura atapata hoja ya kutufunga kabisa.

"Kurekodi na kutambua ni kazi yako," Mkuu aliniambia mbele ya wote. "Miaka kumi na tisa unawatembeza watoto kule. Wewe ndiye masikio ya kituo."

Wakapiga makofi. Nikacheka nao. Halafu nikaenda stoo nikakaa juu ya ndoo, maana kuna jambo sijamwambia mtu, na ninaliandika humu kwa kuwa daftari halina mdomo. Tangu mvua za mwaka jana yule ndege kitwitwi simsikii, na huenda ilianza kabla sijatambua. Namwona anafungua mdomo. Basi.

Machi 6

Mvua ya kwanza. Njia ya mbao inateleza kama sabuni.

Machi 9

Nimekwenda alfajiri na kinasa sauti kipya, nikakiacha saa nzima kwenye matete. Nilichosikia mimi ni dudumizi mara mbili, na upepo. Nilipokisikiliza tena mezani nyumbani, mama mkwe alikuwa anachambua mchele.

"Nani hao wanagombana?" akauliza.

"Wapi, Mama?"

"Humo kwenye kidude chako. Kuna mmoja mwembamba kama sindano. Kuna wawili wanajibizana. Nyuma yao kuna umati kama arusi. Na kuna huyo anayemimina maji kwenye chupa."

Wa chupa ndiye dudumizi, ndiye pekee niliyemsikia. Nikazima. Mama akanitazama kitambo, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Machi 10

Mama alikuja kwangu miaka mitatu iliyopita, mume wangu alipofariki. Alikuja kwa wiki mbili, "mpaka mambo yatulie." Mambo yalitulia, yeye akabaki. Mimi na mwanawe hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ni yetu wawili, na yeye marehemu yuko kwenye picha. Siwezi kusema tunapendana. Tunaheshimiana, kama wagonjwa wawili kwenye benchi moja la daktari. Yeye husema wali wangu una msimamo mkali. Mimi hunyamaza, ambalo ni jibu baya zaidi.

Miaka thelathini na moja alikuwa opereta wa simu posta, enzi za kuchomeka waya. Anasema mji mzima aliujua kwa makoo yao: nani ana mafua, nani kagombana na mkewe, nani anadai yuko safarini na yuko mtaa wa pili.

Jioni nilikuwa naosha vyombo. Sikujua kasimama nyuma yangu mpaka aliponigusa bega, nikaruka.

"Nimekuita mara nne," akasema.

"Maji yalikuwa yanapiga kelele."

"Na birika juzi? Limepiga filimbi mpaka likakauka, wewe umekaa ubavuni pake. Jambo hili limeanza lini?"

"Jambo gani, Mama?"

"Mkamwana, mimi nimelipwa miaka thelathini na moja kusikiliza waongo. Usinipe kazi ya bure."

Nikamwambia. Nilianza kwa hasira nikamaliza kwa machozi, huku nafuta sahani ile ile. Hakunikumbatia, si tabia yake. Aliitoa sahani mikononi mwangu akaiweka kabatini.

"Hiyo imeshatakata," akasema. "Kesho unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Nitafutie viatu vya mvua."

Machi 11

Nimefanya jambo la aibu.

Mkuu alitukuta langoni, Mama amevaa koti la mvua la marehemu, mikono ya koti imekunjwa mara tatu. "Na Mama leo tunaye?" akauliza. Nilikuwa na njia nzima ya kutunga jibu, nikatoa la ovyo: "Siku hizi haachiki peke yake nyumbani. Anasahau moto jikoni."

Mama akanigeukia. Mama huyu, ambaye mpaka leo anakumbuka namba ya simu ya kila duka la zamani la mji huu! Nikasema moyoni, leo naumbuka. Badala yake macho yake yakalegea, akamshika Mkuu mkono.

"Wewe ndiye daktari wa meno?"

Mkuu nusura alie. "Pole sana, mama yangu," akasema, kwa sauti ya kuvuka mto.

Tulipofika katikati ya njia ya mbao nikamwomba radhi. 

"Umenizeesha bila kuniuliza," akasema. Kisha, hatua chache mbele: "Lakini daktari wa meno nilimweka vizuri, au siyo?"

Machi 14

Tumepata utaratibu wetu. Nampangia kiti cha plastiki mwisho wa njia ya mbao, namfunika magoti. Yeye anasikiliza, ananyoosha kidole: "Pale. Chini. Kushoto kidogo." Mimi naelekeza kinasa sauti, kisha natafuta kwa darubini. Nikimwona ndege namjua, naandika jina na saa.

Mama hayataki majina ya kitabuni, ana yake mwenyewe. Kitwitwi ni Mpiga Simu wa Haraka, kwa sababu anakata kabla hujamjibu. Chozi ni Bi Sindano. Mnana ni Arusi. Chura mkubwa ni Diwani. Nimempa darubini amwone Bi Sindano, akaisukuma.

"Sijawahi kumwona mteja hata mmoja kwa miaka thelathini na moja. Ukiwaona wanapungua."

Machi 19

Mvua kutwa. Hatukutoka. Tumekula wali wenye msimamo.

Machi 28

Kumi na moja tayari. Nikiwaza ni mara ngapi mwaka huu nimesimama mbele ya watoto na kuwaambia "sikilizeni, huyo ni kitwitwi," kwa kuwa nilimwona tu akipanua mdomo, napata joto usoni. Sikuwadanganya, ndege alikuwepo. Ila nilikuwa naringa na mali ambayo sina tena.

Mama anaongea sana akiwa kwenye kiti chake. Nyumbani hajawahi kunisimulia chochote. Huku, kati ya ndege na ndege, ananiambia jinsi alivyoajiriwa. Walikuwa wasichana arobaini kwenye usaili. Bwana mmoja alikaa nyuma ya pazia akikohoa, akipiga chafya, akinong'ona, nao waseme ni mtu mmoja au wengi. Arobaini kasoro mmoja walisema watu sita. Yeye alisema ni mmoja na ana njaa.

Aprili 8

Kumi na tisa. Wa leo hatujamwona, ila Mama hana shaka naye. Analia karibu na uzio, kriii-ki, kriii-ki, mkavu, kila siku saa moja kasorobo asubuhi, halafu kimya. Mama amempa jina la Karani, kwa kuwa anakuja kwa saa ya kazi. Nimeandika: chura mdogo, aina bado kujulikana. Mimi mwenyewe simsikii, lakini sindano ya kipimo kwenye kinasa sauti inamsikia.

Aprili 12

Mafuriko madogo. Kiti cha plastiki kimeelea, tumekikuta kwenye matete kimekaliwa na yangeyange mmoja mweupe. Mama anasema nimwache, kashika foleni.

Aprili 21

Ule mchezo wa daktari wa meno umekwisha utamu, na mimi ndiye nimechelewa kuona.

Mkuu ni mtu mwema. Amemletea Mama mto wa kukalia. Lakini anamsemesha kama anaongea na mtungi: "MAMA! UMEKUNYWA CHAI?" Leo walimu wageni walimkuta pale, wakaniuliza mimi, "Anaelewa?" Yuko hapo hapo mbele yao. Mama akatabasamu lile tabasamu lake la uongo, akauliza kama treni imefika. Wakasikitika, wakaondoka.

Nikaangalia mkono wake. Ulikuwa unakunja na kukunjua ncha ya kanga, kunja, kunjua.

"Tuache, Mama," nikamwambia. "Nitamweleza Mkuu."

"Umebakisha sauti ngapi?"

"Nane."

"Basi nyamaza tufanye kazi."

Nami nikanyamaza. Naandika hivyo ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuona.

Mei 3

Wifi amepiga simu. Ni dada wa marehemu, mtoto pekee aliyebaki kwa Mama, anakaa mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Mke wa Mkuu alisoma naye. Neno limesafiri.

"Wifi, Mama anasahau moto na huniambii?"

"Si hivyo sana, wifi."

"Si hivyo sana? Anamwita mkuu wako daktari wa meno! Na wewe unamburuta kwenye matope alfajiri kwa sababu hakuna wa kumwangalia! Simlaumu mtu. Umebeba mzigo wangu miaka mitatu, Mungu akulipe. Tarehe kumi na saba nakuja kumchukua."

Nilifungua mdomo. Simu ilikuwa kwenye spika ili nisikie, na Mama alikuwa mlangoni. Akanifanyia ishara kwa mkono: acha.

"Karibu, wifi," nikasema.

Mei 4

Mvua.

Mei 5

Mvua. Sijamwambia mtu ukweli.

Mei 6

Mvua. Vilevile.

Mei 9

Nilikuwa natafuta blanketi chumbani kwa Mama, nikakuta begi lake chini ya kitanda. Limefungwa. Nguo zimekunjwa kiposta, pembe kwa pembe. Nikalivuta mpaka sebuleni nikaliweka mbele yake.

"Mama, hii nini?"

"Begi."

"Umekubali kwenda?"

"Sasa nifanyeje? Nimwambie mwanangu sina ugonjwa? Ataniuliza, kwa nini basi ulikuwa kinamasini kila alfajiri? Nimjibu nini? Nikitaja masikio yako kwake, jioni yako kwa mke wa Mkuu, asubuhi yako ofisini."

"Nitasema mwenyewe."

"Halafu?" Alivua miwani, jambo analolifanya akitaka kugombana vizuri. "Mwanangu, sikiliza. Mzee akisahau moto, nani anashangaa? Lakini mtu aliyepewa kazi ya kusikiliza akiwa hasikii, wanatafuta mwingine. Mimi natoa kitu ambacho watu walishanihesabia kwamba kimekwisha. Sipotezi."

"Na kule kwa wifi utakaa ukijifanya hujui siku?"

"Nitapona polepole. Wanasema hewa ya kule nzuri."

Nikacheka, sikutaka, nikacheka. Naye akacheka. Halafu tukajikuta hatucheki tena, tumekaa begi liko katikati yetu kama mgeni wa tatu. Ndipo nikagundua kaniita mwanangu. Miaka yote ni mkamwana, au "wewe."

"Mama," nikasema, "kazi nikiipoteza nitatafuta nyingine. Nitauza hata mkaa. Wewe nikikupoteza kwa uongo wangu mwenyewe, nyumba hii nitaikaaje?"

 Alishusha macho, akavaa miwani, akaivua tena. Kisha akasema begi lisikae sebuleni, watu watafikiri tuna mgeni.

Nimelirudisha chumbani. Nimelifungua. Nguo nimezitundika moja moja, naye kasimama mlangoni hasemi lolote, isipokuwa kwamba gauni la bluu halitundikwi hivyo.

Mei 10

Nilimkuta Mkuu anakwangua matope kwenye baiskeli yake. Nikamwambia yote nimesimama, kwa kuwa kama ningekaa ningeanza na hali ya hewa.

Alimaliza kukwangua gurudumu zima kabla ya kujibu.

"Wiki nane," akasema. "Wiki nane nampigia mama wa watu kelele masikioni."

"Kosa ni langu."

"Nimemletea mpaka mto." Akakaa juu ya tofali. Alionekana kazeeka. "Dada yangu, kwenye mkataba, pale penye mtaalamu, niliandika jina lako. Afisa wa ruzuku anakuja tarehe kumi na sita na mtu wa ndege kutoka chuo kikuu. Wakiona nimeandika uongo, si kazi yako tu. Ni kituo."

"Najua."

"Tungeweza kukaa kimya," akasema, ila alisema kama mtu anayejaribu kiatu anachojua hakimtoshi. Akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Utamweleza wewe. Mimi nitakaa kando yako."

Mei 16

Nimechoka, lakini lazima niandike leo.

Afisa wa ruzuku ni mwanamke wa makamo, sketi ya ofisini, na chini yake viatu vya mvua vilivyokwisha kuvaliwa sana. Mtu wa ndege ni mwembamba, ana mafua. Tulikaa chumba kipya, kuta bado zinanuka rangi. Mama nilimkalisha kwenye kiti cha kwanza. Mkuu alimsalimia kwa sauti ya chini kiasi kwamba Mama alimwambia aongeze.

Nikasema. Afisa aliandika, hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo fedha ya umma ililipa mtaalamu asiyesikia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Unajua fedha hii inatoka wapi? Ni ushuru wa soko. Kuna mama ana genge la nyanya pale chini, ananilipa kila siku, hata siku nyanya zimeoza. Akiniuliza ilikwenda wapi, nimjibu nini?"

 Mama ndiye aliyesema.

"Mwambie ilikwenda kwa jirani zake."

"Jirani gani?"

"Soko liko wapi? Ng'ambo ya kinamasi hiki. Huyo mama anaamka na hawa ndege kabla hajaamka na mumewe. Hajui majina yao, kama mimi nilivyokuwa sijui, na mimi nimekaa mji huu miaka sabini na nne. Mtu kukaa na jirani miaka yote hiyo bila kumjua, hiyo si hasara?"

Afisa akaweka kalamu chini. "Nionyesheni mnavyofanya," akasema.

Tukatoka wote. Manyunyu yalikuwa mepesi. Mama alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho, mimi nikasimama na darubini, na kwa dakika chache nikasahau kuna watu nyuma yetu. "Pale. Juu ya tete lililovunjika. Wawili." Nikatazama. "Mdiria," nikasema, "dume na jike." Mtu wa ndege alikuwa akiandika kwenye karatasi yake bila kutuambia. Tulikwenda hivyo nusu saa. Mara moja nilikosea, Mama akasema hapana, huyo sauti yake ni nene zaidi, nikatazama tena, akawa kibisi, mwenye sauti nene kama alivyosema.

Ndani, mtu wa ndege akasikiliza rekodi zetu zote ishirini na saba na vipokea sauti masikioni, anapenga kamasi, anaweka alama. Alipofika ya kumi na tisa akairudia mara tatu.

"Huyu mmemwandika chura."

"Karani," Mama akasema. "Mtu wa saa. Saa moja kasorobo haimpiti."

"Mama, huyu hana damu. Huyu ni mnyororo. Unataka mafuta."

Tukatazamana. Kisha sote, taratibu, tukamgeukia Mkuu, ambaye huingia kazini saa moja kasorobo, kando ya uzio, kwa baiskeli. Mkuu akavua kofia.

Aliyeanza kucheka ni afisa. Alicheka mpaka akashika ukuta, akatoka na rangi nyeupe kiganjani. Mama ndiye pekee aliyekasirika. Anasema bado yule ana tabia ya kiumbe.

Ishirini na sita sahihi, mmoja baiskeli. Afisa akafuta kiganja chake, akafungua faili.

"Mkataba unataka mtaalamu," akasema. "Hausemi awe mwili mmoja. Nitaandika marekebisho, majina mawili, na malipo mgawane. Mnadaiwa sauti nne, mwisho Juni kumi na tano. Siku hata moja siongezi." Kisha akanitazama mimi. "Hospitali kuna kliniki ya masikio. Hujakwenda kwa nini?"

"Niliogopa wataniambia."

"Watakuambia unachokijua," akasema. Hakusema kwa ukali.

Mei 17

Wifi amefika saa nane mchana na mfuko wa dawa za kumbukumbu. Mama akampokea mlangoni, akamtajia tarehe, siku, namba ya tiketi aliyoishika, na kwamba kwa sauti yake wifi ana kifua, akanywe maji ya moto.

Nikamweleza wifi mwenyewe. Nilingoja anitukane, nilistahili. Akakaa kwenye kochi, akalia, kilio cha mtu mzima, bila sauti.

"Nilifurahi," akasema. "Niliposikia Mama anaumwa, wifi, nilifurahi. Wanangu wameondoka wote. Miaka mitatu nimengoja sababu ya kumchukua, nikasema Mungu kanipa. Mtu gani anafurahi mama yake akiumwa?"

Sikuwahi kumfikiria wifi hivyo. Kwangu alikuwa sauti ya kwenye simu inayouliza kama Mama amekula.

Mama alitusikiliza wote wawili mpaka tukakauka.

"Mnanigombania kama kiti," akasema. "Nina miguu. Julai nitakuja kwako, mwanangu, mwezi mzima. Nakuja mgeni, si mgonjwa, na mgeni hafui. Baada ya hapo narudi hapa, nina kazi."

Wifi amelala kwenye chumba cha Mama. Wanaongea mpaka sasa, naona taa yao.

Mei 25

Mvua zinapungua. Sauti ya ishirini na saba: shore, kwenye mti wa ofisi. Mkuu ametia mafuta mnyororo. Mama anasema asubuhi zimepoa.

Juni 2

Ishirini na tisa. Nyenje na panzi, siku moja. Fundi seremala amefunga vitufe, vingine juu, vingine chini kwa watoto wadogo.

Juni 9

Mama ana homa. Daktari anasema kifua, apumzike wiki. Bado sauti moja, siku sita.

Juni 12

Leo nimekwenda peke yangu. Sikuwa na tumaini, ila kukaa nyumbani nikimhesabia Mama pumzi kulikuwa kunanimaliza.

Kulikuwa na jua jembamba. Nilikaa kwenye kiti chake. Kimya changu kilinizunguka, kile nilichokizoea, kama pamba. Nikasema, basi nitatumia nilichonacho. Nikaanza kutazama makoo. Nilitazama kila kitu chenye manyoya kwenye matete yale, saa moja, saa mbili, mpaka macho yakawasha. Halafu, chini kabisa, karibu na maji, nikaona kandege ka kahawia, kakubwa kidogo tu kuliko kidole gumba, kametulia tuli. Koo lake tu ndilo lililokuwa linatetemeka. Sikusikia hata chembe. Nikalala kifudifudi juu ya mbao zilizolowa, nikanyoosha kinasa sauti kadiri mkono ulivyofika, nikabana pumzi. Sindano ikaanza kucheza.

Nilikimbia nyumbani na matope yangu. Nikamvisha Mama vipokea sauti. Akavishika kwa mikono miwili, akafumba macho, na uso wake ukafunguka.

"Huyu hatumjui," akanong'ona. "Huyu ni mgeni. Umempataje?"

"Nimemwona anaimba, Mama."

Akasikiliza tena tangu mwanzo. Mimi nikamtazama yeye akisikiliza, na nadhani nilisikia kiasi kikubwa kwa njia hiyo.

Juni 14

Mtu wa ndege amethibitisha kwa simu. Anasema hata yeye huyo amemrekodi mara mbili tu maishani. Thelathini.

Juni 24

Ufunguzi. Watoto mia na kumi, walimu, halmashauri. Afisa alikuwa amewaalika wanawake wa sokoni, wakaja na aproni zao. Mmoja mnene, wa nyanya, alibonyeza kitufe cha dudumizi akapiga kelele: "Kumbe ndiye huyu! Miaka yote ananiamsha, mimi nafikiri ni bomba la jirani!" Akawaita wenzake. Hawakutoka pale kwa robo saa.

Diwani wa vyura alibonyeza chura mkubwa mara tisa, nilihesabu.  Na afisa aliniambia mlangoni kwamba jana kamati imeweka kituo kwenye bajeti ya mwaka ujao, na hakuna aliyepinga.

Kwenye kibao cha mlango kuna majina yetu mawili chini ya neno "Wasikilizaji." Mama amekisoma, amekipapasa, akasema herufi za jina lake zimepinda kidogo. Hazijapinda.

Juni 28

Nimepewa vifaa vya kusikilizia hospitalini, kimoja kila sikio, kama punje za maharage. Daktari aliviwasha, nikasikia kiti chake. Nikasikia karatasi. Nje nikasikia viatu vyangu mwenyewe, nikageuka kuona nani ananifuata. Nimelia barabarani kama mjinga.

Kitwitwi yupo. Anapiga simu, anakata.

Juni 30

Asubuhi niliaga kama siku zote. "Mama, natoka." Nikafunga mlango nikainama kufunga ukanda wa kiatu. Kutoka ndani, chini chini, sauti ya mtu ambaye hamsemeshi yeyote, nikasikia:

"Nenda salama, binti yangu. Urudi salama."

Nikabaki nimeinama. Kisha nikafungua mlango. Alikuwa mezani na kikombe chake.

"Umesahau nini?"

"Umesema nini, Mama?"

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, nilipofunga."

Akatazama masikio yangu, moja, kisha jingine. Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mbona nasema kila siku," akasema. "Tangu uliporudi kazini baada ya msiba."

"Miaka mitatu?"

"Sijahesabu."

"Nilikuwa nafikiri huniagi."

"Na mimi nilikuwa nafikiri hujibu."

Hatukujua la kufanya, watu wazima wawili, na meza katikati. Nikatoka tena nje. Nikafunga mlango, nikasimama karibu na mbao, nikangoja. Akachukua muda, nadhani kwa haya. Halafu akasema.

"Nitarudi, Mama," nikajibu.

Nimefika kazini nimechelewa robo saa.